Vyungu Thelathini na Sita

Kila Jumamosi saa mbili asubuhi Chiriku alifika karakanani kwa shangazi yake, akavaa aproni, akafagia chini ya meza yake, ndipo akaanza kazi. Mtaani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika karakana ile kulikuwa na kazi moja ambayo watu wazima wenyewe walimwachia: kugonga vyungu.

Havikuwa vyungu vya kupikia. Vilikuwa vyungu vya kuchujia maji. Shangazi alichanganya udongo na unga wa mbao uliochekechwa, akaukandamiza kwenye mashine mpaka ukatoka na umbo la ndoo pana. Vyungu vilipokauka viliingia tanurini. Humo motoni ule unga wa mbao uliungua wote, ukaacha vitundu vidogo mno, ambavyo jicho haliwezi kuviona. Maji yalipita kwenye vitundu hivyo, uchafu ukabaki. Chungu kiliwekwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye bomba, maji yakamiminwa juu, na chini yakatoka maji safi ya kunywa.

Lakini chungu kikiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, uchafu hupita hapo, na maji yanayotoka bombani huonekana safi vile vile. Mtu anakunywa ugonjwa huku akisema ahsante. Kwa hiyo kila chungu kiligongwa kabla ya kutoka karakanani. Unakiweka juu ya kata ya kitambaa, unakigonga ukingoni kwa kigongo cha mti, unasikiliza. Kizima hulia tiii, sauti ndefu inayofifia polepole. Chenye ufa husema ko, basi.

Chungu kikifaulu, aliyekigonga alichovya dole gumba kwenye rangi nyekundu na kupiga alama chini ya ukingo. Chiriku alikaa mwaka mzima akigonga kando ya shangazi kabla ya kuruhusiwa kupiga alama yake. Siku aliyoruhusiwa alirudi nyumbani na dole jekundu na akakataa kulinawa hadi mama yake alipomtishia kumnyima chakula.

Mwanzoni mwa muhula, kaka yake ambaye ni fundi simu alimletea zawadi: visikizi vya masikioni visivyo na waya, viwili vyeupe, ndani ya kikebe kidogo kama cha dawa.

“Hivi vinazima kelele,” kaka alisema. “Unaviunganisha na ile simu yako kuukuu, halafu unabonyeza hapa ubavuni.”

“Kelele zipi?”

“Zote. Hata zako.”

Chiriku alivivaa, akabonyeza. Dunia ikanyamaza. Jirani yao alikuwa fundi wa milango ya chuma, na kutwa nzima alikata na kusaga vyuma hadi meno yakauma. Ndani ya nyumba walikuwamo wadogo zake pacha waliokuwa wakipokezana kulia. Yote yalitoweka, kama mtu amefunga mlango mzito.

Lazima isemwe kwamba vilimsaidia. Alisoma saa mbili kila jioni bila kuinua kichwa. Katika jaribio la hesabu alipanda kutoka alama arobaini na moja hadi sitini na nane, mwalimu akamwandikia “Endelea hivyo hivyo” kwa wino mwekundu. Visikizi vilikuwa kitu kizuri. Kosa lilianza alipovipeleka karakanani.

Pale palikuwa na mashine ya kusaga udongo, na iliponguruma ilibidi watu wazungumze kwa kupiga kelele. Jumamosi ya kwanza Chiriku alivaa kisikizi kimoja, sikio jingine akaliacha wazi kwa ajili ya vyungu. Jumamosi ya pili alivaa kimoja, akawa anasahau sikio la pili linafanya nini. Jumamosi ya tatu alivaa vyote viwili, akavifunika kwa kilemba, akajiambia kwamba mkono wake umeshazoea na unaweza kuhisi ufa wenyewe.

Jumamosi hiyo mezani palikuwa na vyungu arobaini. Thelathini na sita vilikuwa vya shule ya chekechea iliyo ng'ambo ya reli, na vinne vilikuwa vya akiba. Gari lingekuja kuvichukua saa saba.

Fundi Moshi, mchomaji wa tanuri, alipita na toroli lake. Walimwita Moshi kwa sababu hata akitoka kuoga alinukia tanuri. Alisimama, akasema jambo huku akionyesha vyungu kwa kidevu. Chiriku aliona midomo yake ikicheza. Masikioni mwake mwanamke mwenye sauti tamu alikuwa akiimba juu ya mtu aliyemwacha.

“Sawa, fundi!” Chiriku alijibu, akatabasamu na kuitikia kwa kichwa.

Fundi Moshi akaridhika, akaenda zake.

Chiriku akagonga, akachovya, akapiga alama. Akagonga, akachovya, akapiga alama. Nyimbo zilifuatana na vyungu vilifuatana. Saa sita na nusu alikuwa amemaliza vyote arobaini, na hakuwa amekataa hata kimoja. Kwa kawaida katika arobaini alikataa viwili au vitatu. Hilo halikumshtua. Alifurahi kumaliza mapema.

Gari lilikuja, likapakia, likaondoka.

Saa tisa mashine ilizimwa na visikizi vikaishiwa chaji. Chiriku alivitoa, akaanza kupanga vile vyungu vinne vya akiba kwenye rafu. Cha tatu kiligusa kona ya rafu.

Ko.

Alisimama. Akakirudisha juu ya kata, akachukua kigongo, akagonga. Ko. Akakizungusha, akagonga upande wa pili. Ko. Na chini ya ukingo, dole lake jekundu lilikuwa likimtazama.

Akagonga vile vitatu vingine. Vililia vizuri. Kimoja katika vinne, akawaza. Na thelathini na sita je?

Kitu cha kwanza alichofanya hakikuwa kizuri. Alichukua kitambaa chenye mafuta ya taa, akaifuta alama yake kwenye chungu kile kibovu. Ilifutika kwa kusugua mara mbili tu. Kisha akabaki amekishika kitambaa. Alama nyingine thelathini na sita zilikuwa ng'ambo ya reli, na Jumatatu asubuhi watoto wa miaka minne na mitano wangepanga foleni na vikombe vyao mbele ya zile ndoo. Shule ile ilikuwa imeagiza vyungu kwa sababu mwezi uliopita watoto wake waliugua tumbo.

Alimkuta Fundi Moshi akichota majivu.

“Fundi, asubuhi uliniambia nini?”

“Si nilikwambia? Jana tulifungua tanuri kabla halijapoa sawasawa, gari lilikuwa linakuja. Nikasema, sikiliza kwa makini leo, huenda vimo vilivyopasuka. Ukaniambia sawa, fundi. Ukacheka na meno yote thelathini na mbili.”

Chiriku akapiga moyo konde, akaenda kwa shangazi akiwa bado na kitambaa mkononi.

Shangazi alikuwa akiosha mashine. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono minene, asiye na maneno mengi. Chiriku alimweleza yote, tangu kisikizi kimoja hadi viwili, na kilemba, na Fundi Moshi, na chungu cha akiba. Alipofika kwenye kitambaa cha mafuta ya taa alikiinua akionyeshe, akalisema na hilo.

Shangazi alifunga bomba.

“Katika vyungu arobaini, ulisikia vingapi?”

“Hata kimoja, shangazi.”

“Ulisikia nini?”

“Nyimbo.”

Shangazi hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alijifuta mikono, akachukua simu, akampigia mwalimu mkuu wa chekechea. Chiriku alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo. “Mmeshaviloweka? Tangu lini? Saa nane? Basi visitumike. Hata kimoja, mwalimu. Kesho asubuhi atakuja mtu kukueleza.” Akakata simu.

“Wameviloweka,” alisema. “Na kosa si lao, maelekezo yetu ndivyo yanavyosema, kiloweke siku moja kabla ya kukitumia. Sasa unajua maana yake?”

Chiriku alijua. Chungu kilicholowa husema ko hata kikiwa kizima. Maji hujaa kwenye vitundu na kuua sauti. Usingeweza kwenda pale na kigongo ukagonga.

“Inabidi virudi, vikaushwe kwanza,” alisema.

“Na gari halipo mpaka Jumatatu mchana.”

“Kuna mkokoteni, shangazi. Nitavileta mimi.”

Shangazi alimtazama toka kilemba hadi ndala. “Na huyo mtu wa kumweleza mwalimu ni wewe. Mimi sikukutuma uvae vitu masikioni, na sitakusemea.”

Jumapili kulipopambazuka Chiriku alifunga kibwebwe. Fundi Moshi alimkuta ameshatandika magunia ndani ya mkokoteni.

“Wewe vuta, mimi nitasukuma,” Fundi Moshi alisema. “Na leo ukiniambia sawa, fundi, nataka niyaone masikio.”

Chiriku alikiinua kilemba, akamwonyesha masikio yote mawili.

“Mazuri. Kumbe unayo.”

Mwalimu mkuu wa chekechea alikuwa akiwasubiri langoni, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Chiriku alimkaribia, akasema maneno aliyokuwa akiyapanga njia nzima.

“Shikamoo, mwalimu. Vyungu vyote mlivyoletewa nilivigonga mimi. Nilikuwa nimeziba masikio, sikusikiliza hata kimoja, lakini nikapiga alama kwamba ni vizima. Nimekuja kuvichukua nivipime upya. Kesho kabla ya kengele vitakuwa hapa.”

“Marahaba,” mwalimu alisema. “Unajua mwezi uliopita nilibeba watoto wanne mpaka zahanati? Wawili mgongoni na mkononi, wawili kwa baiskeli ya mlinzi. Mmoja alikuwa amelegea hata kulia hawezi. Niliwaambia wazazi wao sasa tunaleta maji salama. Niliwaambia kwa mdomo wangu.”

Chiriku alitazama ukuta ambao juu yake watoto walikuwa wamechorewa samaki na saa.

“Vichukue,” mwalimu alisema. “Kesho saa moja na nusu kengele inalia. Mimi nitakuwa hapa langoni.”

Mkokoteni ulibeba vyungu kumi na viwili kwa safari moja, vikiwa vimelowa na vizito zaidi kuliko vilivyokuja. Walikwenda safari tatu. Barabara ilikuwa na mashimo, na kwenye reli ilibidi washushe kila chungu, wakibebe kwa mikono, wavushe mkokoteni mtupu, halafu wapakie tena. Safari ya pili, kwenye kivuko hicho cha reli, walikutana na wasichana wawili wa darasa lake waliokuwa wakitoka dukani.

“Chiriku, umeanza biashara ya kuhamisha watu?” mmoja aliuliza, na mwenzake akacheka hadi akashika tumbo.

“Nahamisha kosa langu,” Chiriku alisema, akainama kubeba chungu kingine. “Mkimaliza kucheka, kile cha mwisho hakina mtu.”

Wakatazamana. Yule aliyeuliza akaweka mfuko wake chini, akakibeba.

Saa nne vyungu vyote vilikuwa ndani ya tanuri. Chiriku alitaka Fundi Moshi awashe moto mkubwa vikauke haraka, lakini fundi alikataa katakata.

“Haraka ndiyo iliyotufikisha hapa, mimi na wewe. Ukikitia moto mkali chungu kilicholowa, maji yanachemka ndani kwa ndani na kukipasua. Utaua hata vizima. Moto mdogo, unaongeza kidogo kidogo. Na mtu asibanduke.”

Chiriku hakubanduka. Alikaa mbele ya mlango wa tanuri, akatia vipande vya mbao viwili kila robo saa, si kimoja wala vitatu. Mama yake alimletea chakula, akakila kwa mkono mmoja. Saa saba macho yalimuwasha. Saa nane mguu ulikufa ganzi. Saa tisa Fundi Moshi aliingiza mkono tanurini, akapapasa, akatikisa kichwa: bado. Saa kumi na moja alitoa chungu kimoja, akakiweka kwenye shavu lake kama mtu anayembusu mtoto.

“Kimekauka. Wacha vipoe kidogo, kisha ingia kazini.”

Shangazi alikuja mwenyewe. Alikuwa amepika uji wake akauacha. Alivuta kiti, akakaa mbali kidogo na meza, akakunja mikono. Hakuna mashine iliyokuwa ikinguruma. Chiriku aliweka chungu cha kwanza juu ya kata.

Tiii. Alisubiri hadi sauti ilipokwisha kabisa, akakizungusha, akagonga tena. Akakiweka kulia.

Cha pili, tiii. Cha tatu, tiii. Cha nne, ko. Kilikuwa kimetulia mezani, kizuri, chekundu, hakina alama yoyote ya ubaya. Akakiweka kushoto.

Kufika cha ishirini na tisa, kushoto palikuwa na vyungu vinne. Cha thelathini kilikuwa kigumu. Kililia, lakini kilio kilikatika mapema, kama mtu aliyeanza kusema akaghairi. Chiriku aligonga tena. Akakizungusha. Upande mmoja kililia vizuri, upande mwingine kilikatika. Alimgeukia shangazi.

“Shangazi, hiki hebu kisikilize.”

“Mgongaji nani?”

“Mimi.”

“Basi sema wewe.”

Chiriku alifumba macho, akagonga mara ya nne. Hakuwa na hakika kwamba ni kibovu. Lakini hakuwa na hakika kwamba ni kizima, na atakayekunywa ana miaka minne.

“Hakiendi,” alisema, akakiweka kushoto.

Shangazi alikunjua mikono.

Vyungu thelathini na kimoja vilikuwa vizima na vitano havikufaa. Sheria ya karakana ni kwamba chungu kibovu huvunjwa na yule yule aliyekikataa, ili mtu asije akakiokota na kukipeleka nyumbani. Chiriku alivivunja vyote vitano kwa nyundo nyuma ya tanuri. Kile cha mashaka kilipopasuka, Fundi Moshi aliokota kipande, akakisogeza kwenye mwanga. Katikati ya unene wake palikuwa na mstari mweusi wa ufa, mfupi kama ukucha. Alimpa Chiriku kipande hicho bila mzaha wowote. Pengo lilijazwa na vile vitatu vya akiba, ambavyo Chiriku alivigonga upya, na viwili vya shangazi kutoka rafuni.

Jumatatu saa kumi alfajiri walianza tena safari zile tatu, mara hii wakiwa watu watatu, shangazi akivuta mbele. Kufika saa moja na robo vyungu vyote thelathini na sita vilikuwa mbele ya chekechea. Mwalimu mkuu alikuwa langoni kama alivyosema. Alitazama saa yake, akafungua lango lote.

“Vimepimwa?”

“Vimepimwa, mwalimu. Vitano nimevivunja. Ila vimekauka, vinahitaji kulowekwa mpaka kesho.”

“Leo tutachemsha maji kama tulivyozoea. Siku moja si kitu.” Mwalimu aliivua miwani, akaifuta kwa kanga. “Wazazi nitawaeleza kilichotokea. Nitawaambia pia kwamba ulikuja mwenyewe kukisema. Sasa wahi shule, usije ukachelewa kwa ajili yetu.”

Njiani shangazi alimsindikiza hadi kivuko cha reli. Fundi Moshi alikuwa ametangulia na mkokoteni mtupu, ukigongagonga kwenye mashimo.

“Shangazi,” Chiriku alisema, “vile visikizi nitamrudishia kaka.”

“Kwa nini? Vimekukosea nini? Si nasikia umepanda hesabu?”

“Ndiyo, lakini—”

“Hivyo vilitengenezwa kuzima kelele, na vimezima. Vimefanya kazi yao. Wewe ndiye hukufanya yako. Ukisoma, vivae. Ukiwa barabarani au mezani kwangu, viko kwenye mkoba. Mtu mwenye akili anajua saa ya kuziba masikio na saa ya kuyafungua, hangoji simu imwambie.”

Walitembea hatua chache.

“Vizima vilikuwa thelathini na kimoja,” Chiriku alisema kwa sauti ndogo. “Kwa hiyo vingi vilikuwa sawa, shangazi.”

Shangazi alisimama.

“Sikiliza, mwanangu, na hili usilisahau. Vibovu vilikuwa vitano. Lakini uliongopa mara thelathini na sita. Ile alama haisemi kwamba chungu ni kizima. Inasema mtu fulani alikaa akakisikiliza. Mama wa mtoto atakayekunywa hakujui, hatakuona maisha yake yote, anaamini tu kwamba ulikuwepo. Ukipiga alama na hukuwepo, umemdanganya, hata chungu kiwe kizima namna gani. Kazi ni kuwepo.”

Chiriku alikubali kwa kichwa. Safari hii alikuwa amesikia kila neno.

“Wiki nne utachekecha unga wa mbao,” shangazi aliendelea. “Meza nitaishika mimi. Wiki ya tano utakuja, nitakuwekea vyungu kumi, nawe utaniambia vibovu ni vingapi. Ukikosea kimoja, wiki nne tena.”

“Sitakosea.”

“Tutasikia.”

Kengele ya shule ya Chiriku ilianza kulia upande wa pili wa reli. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akasikiliza kama kuna treni, kisha akavuka mbio.